Kama uchumi ni sayansi, kwa nini tunasoma waliokosea?

"Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma uchumi. Mwaka jana tulifundishwa kwamba uchumi ni sayansi: hausemi kipi ni chema na kipi ni kiovu, unaeleza tu mambo yalivyo. Tukaambiwa pia kwamba Adam Smith alithibitisha kuwa kila mtu akifuata maslahi yake, jamii nzima inanufaika. Muhula huu nimechukua historia ya fikra za kiuchumi na kichwa kinaniuma. Aristotle analaani riba. Smith mwenyewe anawasema vibaya wafanyabiashara. Ricardo na Marx wanaitafuta thamani kwenye kazi, halafu ikifika 1871 ghafla thamani imehamia kichwani mwa mnunuzi. Kama ni sayansi, mbona wanageukageuka? Na kama waliotangulia walikosea, kwa nini tuwasome? Wanafizikia hawapotezi muhula mzima kusoma makosa ya Aristotle. Rafiki yangu wa idara ya falsafa ananicheka, anasema uchumi ni itikadi iliyovalishwa hesabu. Nimeanza kufikiria kubadili kozi. Nani anasema kweli, mhadhiri wangu au rafiki yangu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile la mwisho ili usisome ukiwa roho juu: wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ameivuta kweli yake kupita mahali inapofika. Nawe umefunga maswali kadhaa fundo moja, ndiyo maana kichwa kinauma. Tulifungue taratibu, tukianza na Smith, maana katika fani yetu hakuna anayesingiziwa kama yeye.

Smith hakuwa mwalimu wa uchumi. Somo lenyewe halikuwapo. Alifundisha falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1759, kinauliza swali la kimaadili: inakuwaje viumbe wanaojipenda kama sisi waumie wakiona mwenzao anaumia? Jibu lake ni kwamba kila mtu hujifunza kuishi na mtazamaji asiyependelea ndani ya moyo wake, anayemtazama kama mgeni angemtazama, na kumtia haya anapojipendelea mno. Katika kitabu hichohicho anamshambulia Bernard Mandeville, tabibu aliyechapisha mwaka 1714 kisa cha mzinga wa nyuki chenye hoja kwamba maovu ya mtu mmoja mmoja ndiyo yanayoneemesha umma. Kwa hiyo wazo ulilofundishwa kuwa ni la Smith liko karibu zaidi na la mtu ambaye Smith alimpinga kwa jina lake.

Vipi basi kuhusu ule mkono usioonekana, mfano wake maarufu? Katika kitabu kikubwa cha 1776, The Wealth of Nations, unatajwa mara moja tu, kwenye Kitabu cha Nne, sura ya pili, na mazungumzo hapo ni ya mfanyabiashara anayeogopa kupeleka mtaji wake nchi ya mbali. Kwa kutafuta usalama wake anauweka karibu, na bila kukusudia anakuza shughuli za nchini mwake. Smith anasema mtu wa namna hiyo mara nyingi huisaidia jamii kuliko kama angekusudia kuisaidia. Mara nyingi, hakusema kila mara. Na wale muuza nyama, mpika bia na mwoka mikate, ambao hatuwaombi huruma bali tunawagusa kwenye maslahi yao, wapo kwenye sura inayoeleza kwa nini binadamu hubadilishana vitu badala ya kuombaomba. Kusema kwamba biashara inaweza kufanyika bila huruma ni jambo moja. Kusema huruma haina kazi duniani ni jambo jingine kabisa, na hilo hakulisema.

Ukiendelea mbele unakutana na Smith anayesema kwamba watu wa biashara moja hawakutani hata kwa starehe bila mazungumzo yao kuishia kwenye njama dhidi ya umma. Unakutana na Smith wa Kitabu cha Tano anayeonya kwamba mtu anayerudia kitendo kimoja maisha yake yote kiwandani anadumaa akili, na kwamba serikali isipogharimia elimu yake, hayo ndiyo yatakayowapata maskini wengi. Huyu ndiye yuleyule aliyeusifu mgawanyo wa kazi kwenye kurasa za mwanzo, kwa mfano wa watu 10 wanaotengeneza pini 48,000 kwa siku. Aliona neema na akaona gharama yake. Maslahi binafsi, kwake, huzaa matunda mema yakiwa yamebanwa na ushindani upande mmoja na sheria za haki upande wa pili. Ukiondoa kimojawapo, hoja yake inaanguka, na yeye mwenyewe alijua.

(Nikiri jambo. Mimi nilimaliza shahada ya kwanza na kufaulu vizuri bila kufungua hata ukurasa mmoja wa Smith. Nilikuwa namnukuu kwa ujasiri wa mtu asiyejua. Usimlaumu sana mhadhiri wako.)

Sasa thamani, na hapa nitakaa, maana ndipo penye kiini cha swali lako. Neno letu lenyewe lina mtego. Thamani limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni bei. Kiswahili kimeyatenganisha hayo mawili, lakini sehemu kubwa ya historia unayoisoma ni ugomvi kuhusu kama yanatengana kweli, na kama yanatengana, ni kitu gani kimekaa nyuma ya bei.

Aristotle anaanza na kiatu. Kiatu unaweza kukivaa, na unaweza kukibadilisha kwa kitu kingine. Yote mawili ni kukitumia, lakini kiatu kilishonwa kivaliwe. Kisha katika maandishi yake ya maadili anauliza swali gumu zaidi: inawezekanaje kazi ya mshona viatu ilinganishwe na ya mjenzi wa nyumba, ilhali viatu na nyumba havifanani kwa lolote? Anasema kinachoviunganisha ni uhitaji, na fedha husimama badala ya uhitaji kwa makubaliano ya watu. Tazama kwamba swali hilo analiuliza ndani ya mjadala wa haki. Anataka kujua mabadilishano ya haki yanakuwaje. Bei ya sokoni kesho asubuhi haimshughulishi.

Mitaala mingi inaruka kutoka kwake hadi Ulaya ya karne ya 18 kana kwamba dunia ilikuwa imelala. Haikuwa imelala. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika mwaka 1377 kwamba kile binadamu anachokichuma ni thamani ya kazi yake, na kwamba dola changa hutoza kodi ndogo ikapata mapato makubwa, na dola inayozeeka hutoza kodi kubwa ikapata mapato madogo. Ukipata nafasi msome. Ana jicho la mtu aliyeishi ikulu nyingi na kufukuzwa kadhaa.

Turudi kwa Smith. Mwishoni mwa sura ya nne ya Kitabu cha Kwanza anaweka fumbo: hakuna kitu chenye manufaa kama maji, lakini huwezi kupata kitu cha maana kwa kuyatoa, almasi haina manufaa yoyote ya lazima, lakini unaweza kupata vitu vingi mno kwa kuitoa. Analiweka, kisha anaondoka nalo upande mwingine, kwenye kazi na gharama za uzalishaji. David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza, mwaka 1817, anaichukua kazi kwa sababu yake mwenyewe. Uingereza ilikuwa kwenye vita vya maneno kuhusu bei ya nafaka na sheria zilizozuia nafaka ya nje, na Ricardo alitaka kujua pato la nchi linavyogawanywa kati ya mwenye ardhi, mwenye mtaji na mfanyakazi, na mgao huo unavyosogea kadiri miaka inavyokwenda. Aliandika kwenye dibaji yake kwamba hilo ndilo tatizo kuu la fani. Ili kupima mgao, alihitaji kipimo ambacho chenyewe hakibadiliki mgao unapobadilika. Kazi ilimpa kipimo kinachokaribia. Alijua hakikutosha, na mwaka 1823 kifo kilimkuta bado anakihangaikia.

Marx anakichukua kipimo hicho na kukigeuza swali. Kama kila kitu kinauzwa kwa thamani yake, faida inatoka wapi? Jibu lake la 1867 ni kwamba kuna bidhaa moja ya ajabu, nguvu kazi, ambayo hununuliwa kwa thamani yake lakini ikitumika huzaa zaidi ya ilivyonunuliwa. Unaweza kulikataa jibu hilo, wengi wamelikataa kwa sababu nzito, lakini uone swali lake: chanzo cha faida. Hakuwa anajaribu kukuambia kwa nini almasi ni ghali.

Kisha ndiyo ukaja 1871. Jevons Uingereza na Menger Vienna wanachapisha mwaka huohuo, Walras anafuata huko Lausanne mwaka 1874, kila mmoja kwa njia yake. Wanauliza: mtu mwenye vitu kiasi fulani mkononi, anavigawaje kati ya matumizi mbalimbali ili apate manufaa makubwa kuliko yote? Na hapo fumbo la maji na almasi likafunguka. Manufaa ya maji yote kwa ujumla ni makubwa kupita kiasi, lakini bei haifuati ujumla. Inafuata manufaa ya kile kipande cha mwisho unachoongeza. Maji yakiwa mengi, kikombe cha ziada utakitumia kuoshea mikono. Almasi ni chache, hivyo hata ile ya mwisho inagombewa. Mweke mtu jangwani siku mbili na atakupa almasi yake akupokonye kikombe.

Hapa rafiki yako lazima akubali kushindwa: hilo lilikuwa jibu sahihi kwa fumbo ambalo Smith na Ricardo hawakulifungua. Fani ilisonga mbele. Lakini mhadhiri wako naye akubali kitu. Hermann Gossen alikuwa ameyaandika hayo mwaka 1854, kitabu chake hakikununuliwa, na akakiondoa sokoni kwa uchungu. Ukweli wake ulikuwa uleule. Wasomaji ndio waliokuwa bado wanauliza swali jingine. Swali lilipobadilika ndipo jibu likaonekana. Na katika kubadilika huko kuna kilichoachwa njiani. Kwenye ulimwengu wa Jevons hakuna mwenye ardhi wala mfanyakazi, kuna watu mmoja mmoja wenye vitu mikononi. Walivipataje? Haiulizwi. Ni kama watu wawili kando ya mto: mmoja anauliza maji haya yanatoka wapi, mwingine anauliza hapa yanapita kwa kasi gani. Anayepima kasi anaweza kupima vizuri sana, na bado hajamjibu mwenzake.

Kwa hiyo wanauchumi waligeuka, ndiyo, lakini kugeuka kwao kulikuwa kwa aina mbili, na kosa lako, ambalo ni la wengi, ni kuziona kama aina moja. Kuna mahali walipata jibu bora kwa swali lilelile. Na kuna mahali walihama swali kimyakimya, kisha vitabu vya kufundishia vikaandika kana kwamba la zamani lilijibiwa. Mwanauchumi Alfred Marshall, mwaka 1890, alijaribu kuwapatanisha kwa mfano wa mkasi: kubishana kama bei inatokana na gharama au manufaa ni kubishana kama karatasi inakatwa na makali ya juu au ya chini. Ni mfano mzuri, nami nimeutumia darasani miaka mingi. Ila mkasi unaeleza bei. Mgao wa Ricardo hauumo.

Nikupe na mfano wa kosa la kale lililorudi kwa mlango wa mbele. Umesema Aristotle analaani riba, na nadhani umelichukulia hilo kama uchamungu wa watu wa zamani. Soma tena. Hoja yake ni nadharia ya fedha: fedha ilibuniwa kwa ajili ya mabadilishano, yenyewe ni tasa, na kuifanya izae ni kuigeuza kinyume na ilivyokusudiwa. Kigiriki cha riba, tokos, ni neno lilelile la mtoto anayezaliwa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anafanana naye: fedha ni kama kioo, hakina rangi yake lakini kinaonyesha rangi zote. Thomas Aquinas katika karne ya 13 anasema ukitumia fedha umeitoa, kama divai inayokwisha kwa kunywewa, hivyo kutoza matumizi yake mbali na yenyewe ni kuuza kitu kilekile mara mbili. Ukitaka kuwapinga, kusema dini imepitwa na wakati hakutoshi. Itakubidi useme fedha ni nini, muda ni nini, na anayebeba hatari anastahili nini. Huo ni uchumi na falsafa kwa pamoja, huwezi kuutoa mmoja ukabaki na mwingine.

Smith aliikubali riba, lakini aliunga mkono sheria ya kuiwekea ukomo. Sababu yake: riba ikiachwa ipande mno, watakaokubali kukopa ni wabadhirifu na wenye miradi ya kubahatisha, na watu makini watajiondoa. Mwanafalsafa Jeremy Bentham aliandika kitabu mwaka 1787 kumpinga pamoja na sheria hiyo, na kwa muda mrefu ikaonekana Bentham ndiye mshindi na Smith aliteleza. Mwaka 1981 Joseph Stiglitz na Andrew Weiss wakachapisha makala yenye hesabu kamili kuonyesha kwamba benki inaweza kukataa kupandisha riba hata waombaji wakiwa wengi, kwa sababu riba ya juu huwafukuza wakopaji salama na kuwabakiza wa hatari. Wazo lilikuwa limekaa kwenye rafu ya waliokosea karibu miaka 200. Sikuambii hivi ili uamini wazee walijua kila kitu. Nakuambia kwamba rafu hiyo haijapangwa vizuri.

Nije sasa kwenye lile linalokunyima raha, kwamba uchumi hausemi kipi ni chema. Msingi wa dai hilo ni wa heshima. Mwanafalsafa David Hume, katika kitabu chake cha 1739 na 1740, alionyesha kwamba huwezi kutoka kwenye maelezo ya jinsi mambo yalivyo ukafika kwenye jinsi yanavyopaswa kuwa bila kuingiza kitu kipya katikati. John Neville Keynes, babake yule mwanauchumi mashuhuri John Maynard Keynes, aliupanga uchumi kwa mstari huo mwaka 1891. Na kuna mambo ambayo kweli hayajali maadili yako. Chukua mfano wa Ricardo: Uingereza inahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka kutengeneza kitambaa na 120 kutengeneza divai, Ureno inahitaji 90 kwa kitambaa na 80 kwa divai. Ureno ni hodari kwa vyote viwili, lakini kitambaa kikibadilishwa kwa divai, Uingereza inapata divai kwa kazi ya 100 badala ya 120, na Ureno inapata kitambaa kwa kazi ya 80 badala ya 90. Uwe mjamaa au bepari, hesabu ni hiyo. Anayesema ni itikadi tupu hajaifanya.

Lakini angalia hesabu hiyo inavyonyamaza. Haisemi mkulima wa zabibu wa Uingereza atakwenda wapi. Haisemi faida ya biashara itaingia mfuko wa nani. Na inadai mtaji usihame kutoka nchi moja kwenda nyingine, sharti ambalo Ricardo mwenyewe alilitaja waziwazi. Mtu akitoka kwenye 100 na 120 akafika kwenye "kwa hiyo fungueni mipaka", amevuka mstari wa Hume, na mara nyingi anavuka bila kuona.

Mahali pa kuvukia ndipo unapopaswa kujifunza kupaona, na panajificha sana ndani ya maneno ya kitaalamu. Mwaka 1932 Lionel Robbins aliuita uchumi elimu ya malengo mengi na nyenzo haba zenye matumizi mbadala, akasema pia kwamba kulinganisha raha ya mtu mmoja na ya mwingine si kazi ya kisayansi. Ilionekana ni tahadhari tu ya kimbinu. Lakini kabla yake Pigou alikuwa ameweza kusema, kama mwanauchumi, kwamba kuhamisha kipato kutoka kwa tajiri kwenda kwa maskini kwa kawaida huongeza jumla ya utoshelevu. Baada yake kauli hiyo ikahesabiwa kuwa maoni binafsi. Uamuzi kuhusu mbinu ukafunga mdomo upande mmoja wa mjadala wa haki.

Kilichobaki ni kipimo cha Pareto: hali ni bora ikiwa huwezi kumnufaisha yeyote bila kumpunguzia mwingine. Nani atakipinga? Hebu kifuatilie hadi mwisho wake. Mtu mmoja ana kila kitu, wengine hawana hata punje. Huwezi kuwapa bila kumpunguzia. Hali hiyo inapita mtihani wa Pareto, na Amartya Sen amelisema hilo kwa ukali tangu mwaka 1970. Hisabati haina kosa. Chaguo limekaa kwenye neno "ufanisi", ambalo linaanzia na mgao wowote unaoukuta na kuuacha bila kuuliza. Vivyo hivyo ukipima uhitaji kwa kiasi ambacho mtu yuko tayari kulipa. Soko halihesabu vichwa, linahesabu fedha, na asiye nazo anaandikwa kama asiyehitaji.

Hapa ninapenda kuchungulia majina. Kigiriki oikonomia ni uendeshaji wa nyumba, na Aristotle aliutenga na kutafuta mali kusiko na kikomo, ambako alikuona ni kinyume na maumbile. Sisi tumeliita somo hili kwa kuchuma, kama yule mchumia juani anayelia kivulini. Sijui kama tulichagua kwa makusudi, lakini tumebatiza somo kwa jina la kile alichotaka kitengwe. Na ona dunia inavyopima pato la taifa: mtu akipika, akifua na kulea kwake bila malipo hahesabiwi, akiajiriwa kufanya yaleyale kwa jirani anahesabiwa. Pigou alitania kwamba mwanamume akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa linashuka. Simon Kuznets, aliyewasilisha makadirio hayo kwa Bunge la Marekani mwaka 1934, alionya palepale kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa kutoka kwenye namba hiyo. Somo lililoitwa kwa jina la nyumba likaiacha kazi ya nyumbani nje ya daftari.

Naomba usimkimbilie rafiki yako kwa sababu ya hayo. Yeye akishajua nani ananufaika na hoja anadhani ameshaivunja. Hoja inaweza kumfaa tajiri na ikawa kweli, ikamfaa maskini na ikawa uongo. Tena akikuletea lile jina la kejeli, kwamba uchumi ni sayansi ya huzuni, mwambie lilikotoka. Mwandishi Thomas Carlyle alilitumia mwaka 1849 katika makala yake kuhusu watu weusi wa West Indies, akiwakejeli wanauchumi walioshikilia kanuni ya ugavi na mahitaji badala ya kuwarudisha watu hao chini ya mabwana. John Stuart Mill alimjibu mwaka uliofuata. Siku hiyo wenye hesabu ndio walikuwa upande wa utu.

Na wanafizikia? Ni kweli hawasomi Aristotle, na hawana hasara kubwa. Jiwe halijamsoma Newton, linaanguka vilevile. Sisi tunachunguza viumbe wanaotusikia. Ukiwafundisha mawaziri kwamba binadamu ni mashine ya kutafuta faida, watatunga sheria zinazomtendea hivyo, na baada ya muda atafanana nayo zaidi kidogo. Milton Friedman alidai mwaka 1953 kwamba uhalisia wa dhana za mwanzo hauna uzito mkubwa, la muhimu ni utabiri. Sen akajibu mwaka 1977 kwamba mtu anayefuata maslahi yake tu, bila kujifunga kwa chochote, ni mpumbavu wa kijamii. Wasome wote wawili siku moja. Sitakuamulia, ingawa unajua ninakoegemea.

Kuhusu kozi. Ukihamia falsafa utapata muda wa kuchimba hoja, lakini utakosa zana, na utaishia kubishana na milinganyo usiyoweza kuisoma. Ukibaki na kulipuuza somo hili utapata zana bila kujua zinakata upande gani. Mimi ningebaki, ningekaza hesabu na takwimu, na ningeomba kuchukua somo moja la falsafa ya maadili au ya sayansi. Sitakudanganya kuhusu ajira: vyuo vingi vimeliondoa somo la historia ya fikra kwenye orodha ya lazima, na waajiri hawalitafuti. Kama kilichokuvutia tangu mwanzo ni swali la haki kuliko swali la bei, hiyo ni sababu halali ya kuhama. Kuchekwa si sababu.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kufanya. Nenda ofisini kwa mhadhiri wako ukiwa na ukurasa mmoja mahususi, mwombe akuonyeshe mahali maelezo yanapoishia na hukumu inapoanza. Ukimwuliza jumlajumla atakujibu jumlajumla. Mwone mshauri wako wa masomo kabla muda wa kubadili kozi haujafungwa, maana masharti ya mikopo na alama yanatofautiana na mimi siyaoni kutoka hapa. Na kama kichwa kinachouma ni cha kweli, hulali, huli vizuri, au unafeli hesabu na unaona haya kusema, basi Aristotle hahusiki. Kamwone mnasihi wa chuo au daktari wiki hii.

Ukiwa salama, anza na zile aya za mwisho za Kitabu cha Kwanza, sura ya nne, kisha ruka hadi Kitabu cha Tano pale anapozungumzia akili ya mfanyakazi. Ni kurasa chache tu. Huyo rafiki yako mpe naye azisome, halafu ndiyo acheke.